Pauni Arobaini kwa Saa

Wananilipa pauni arobaini kwa saa,
na chai ya maziwa katika kikombe cha karatasi,
niwatishe watoto wa Dundee.
Ukumbi wa mazoezi unanuka raba na jasho la jana,
kamba za kupandia zimekunjwa juu ukutani,
mvua inakwaruza vioo.

Mwalimu Ailsa ananitambulisha:
"Huyu ni Dougal. Alikaa ndani miaka kumi na mmoja."
Hilo "ndani" analishusha sauti,
kama mtu anayetaja ugonjwa watu wakiwa mezani.

Naanza ninapoanzia siku zote:
Ijumaa, bia sita, kisu,
kituo cha basi mkabala na duka la chipsi.
Nageuza shingo wauone mshono.
Hapo ndipo ninapowapoteza,
maana hapo ndipo wanaponipenda.
Nyuso zinanyanyuka.
Mvulana wa safu ya tatu, Lachlan, nadhani,
ameacha kutafuna.
"Damu ilikuwa nyingi?"
"Huko ndani mbabe alikuwa nani?"
Nimekuja na chupa ya sumu, niwaonye wasiinywe,
wao wanasifia chupa.

Sikio la kufa, watu husema, halisikii dawa.
Mimi nimelitazama sikio lile kwa karibu:
lina hereni ndogo ya fedha,
limeiva wekundu kwa baridi,
na linasikia kila kitu.
Dawa ndiyo yenye walakini.

Na mtaa wa pili kutoka hapa, kule kwenye mwinuko,
anaishi Moira Geddes.
Mwanawe alikuwa na miaka kumi na saba
na viatu vipya.
Jina la mwanawe silitaji ukumbini.
Nilimwahidi mama yule kwa barua,
barua ambayo hakuijibu.
Basi kila Alhamisi namuua tena mtoto asiye na jina
mbele ya watoto mia na ishirini,
kisha natia saini risiti.
Niambie wewe unayesoma:
hii ni toba, au nimefungua duka?

Wiki iliyopita kisu kilinikwama kooni.
Sikukusudia. Nilifika kwenye kituo cha basi,
basi likanipita.
Nikajikuta nawasimulia habari ya mlango.

Asubuhi niliyoachiliwa, dada yangu Elspeth
alinichukua kwake, akanionyesha chumba,
akaurudishia mlango, akashuka kukaanga mayai.
Nikasimama mbele ya mlango ule.
Kitasa cha shaba, usawa wa kiuno.
Haukufungwa kwa ufunguo.
Nikasimama.
Harufu ya mayai ilipanda ngazi, ikanipita, ikaisha.
Dakika ishirini, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja,
nikimsubiri mtu aje anifungulie.

Hakuna aliyecheka.
Hakuna aliyenipenda pia.
Lachlan alitazama soli ya kiatu chake.
Msichana mmoja wa nyuma, mwenye mafua, akauliza:
"Siku hizi unafungua mwenyewe?"
Nikasema: "Siku nyingine."
Mwalimu akatazama saa.

Mkuu wa mradi amenipigia simu leo.
Mlango ni mzuri, kasema, lakini urudishe kisu,
wafadhili wanauliza kisu kiko wapi.
Nikamjibu nitafikiri.
Ninafikiri.
Sijui kama mlango uliwahi kumzuia mtu kuchomoa kitu mfukoni.
Najua kisu changu hakikumzuia yeyote,
hata mimi.

Siku ile kengele ilipolia waliondoka wote kwa kishindo,
wakiisukuma milango kwa mabega,
kwa viwiko, kwa mikoba, kwa matako,
wasijue kama ni milango.
Nikabaki na chai iliyopoa.
Nilipoinuka, nikamkuta Lachlan kizingitini,
macho kwenye simu yake,
mguu mmoja umeuzuia mlango usijifunge.
Hakuniangalia.
Hakuuondoa mguu hadi nilipopita.